Hanang iko dirishani, Uswisi iko ukutani

*Vijiji vya Tanzania vimechorwa kwa miongo mingi, na picha zake zimetundikwa London, New York na hata katika shule za Uskoti. Kwa nini ni vigumu kuzikuta Masakta?*

Na Mwandishi Wetu

Masakta, Hanang. Picha ina ziwa lililotulia, nyumba ya mbao yenye paa lililochongoka, misonobari, na nyuma yake mlima wenye theluji. Chini, kwa herufi za dhahabu, kuna maneno ya kuibariki nyumba. Ni karatasi ya kung'aa, ya kununuliwa kwa mchuuzi siku ya mnada na kubandikwa juu ya kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma.

Kila msomaji anaijua. Sebule nyingi za vijiji vya Hanang na Mbulu, na kwa kweli sebule nyingi za Tanzania, zinayo hiyo au ndugu yake: maporomoko ya maji ya nchi isiyotajwa jina, bustani ya maua yasiyoota kwetu, bakuli la zabibu pembeni ya mkate. Mwenye nyumba hajafika huko wala hana safari ya huko.

Sasa tazama nje. Mlima Hanang, wenye kimo cha mita zipatazo 3,420, umesimama peke yake uwandani, mara nyingi wingu limeukalia kichwani. Masika yakienda vizuri, mahindi yanakauka yakiacha mbaazi zilizopandwa katikati yake zikiwa bado za kijani. Alizeti zilizokomaa zote zimeelekeza uso mashariki. Punda wanapita na madumu ya njano, yale yaliyokuja na mafuta ya kupikia yakabaki kuteka maji.

Mama wa Kibarbaig anavuka barabara, shuka begani, vikuku vya shaba mkononi. Bati jipya la nyumba ya Mwiraqw linapigwa na jua mpaka macho yanauma. Jirani yake bado ipo tembe, na paa lake la udongo limeota majani.

Mchoraji wa mandhari angekosa nini mahali kama hapa? Rangi zinabadilika kila mwezi, na kazi za watu zinafanyika nje mchana kutwa, hazihitaji kupangwa. Kitu anachokosa ni mnunuzi, na mnunuzi ndiye habari yetu ya leo.

Mtoto wa Machame

Tanzania iliwahi kuwa na mchoraji wa namna hiyo, tena mkubwa. Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda, akaangukia mikononi mwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwishoni mwa miaka ya 1930.

Mama huyo alikuwa na njia yake. Badala ya kuwawekea wanafunzi sanamu ya Kigiriki wainakili, aliwasimulia tukio: soko limejaa, mvua inakuja, watu wanarudi kutoka shamba. Kisha akawaacha kila mmoja alione tukio hilo kichwani mwake, kwa sura ya kwao, alichore kama alivyoliona.

Ntiro aliiona Machame, na maisha yake yote hakuacha kuiona. Migomba. Wanaume wanakata miti. Kahawa inavunwa. Watu wanakunywa mbege, pombe ile ya ndizi na ulezi ambayo Mchagga hafungi jambo la maana bila hiyo.

Mwaka 1952 alikwenda Slade, London, mojawapo ya shule za sanaa zenye jina kubwa Ulaya, akakaa miaka mitatu. Mtu angetarajia arudi amebeba vivuli vya Kizungu, mwanga unaoingia dirishani, na miili iliyochorwa msuli kwa msuli. Hakuvibeba. Watu wake wakaendelea kuwa wafupi, wa rangi moja, wamejipanga mlimani kundi kwa kundi. Kijani chake kikabaki kijani.

Mwaka 1955 alifanya maonyesho katika Piccadilly Gallery, London. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York, maarufu kama MoMA, likanunua picha aliyoichora mwaka 1956: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ni turubai dogo la kubebwa kwapani. Mambo ya posa na ndoa ya kijiji kimoja cha Uchaggani yakahamia katikati ya Manhattan, na huko ndiko yaliko.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo akawa balozi wa Tanganyika mjini London hadi 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni, akafundisha pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Mkewe, Sarah Nyendwohwa wa Uganda, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, Oxford, mwaka 1954. Habari yake inadai makala yake peke yake.

> Katika picha ya Ntiro hakuna shujaa. Kazi ndiyo inayoibeba picha.

Ntiro hakusifiwa na wote. Wapo waliosema hajui kuchora, na kwamba miaka ya Slade ilimpita bure. Hata Makerere upepo uligeuka: Cecil Todd, aliyeishika shule ile ya sanaa baada ya Trowell mwaka 1958, alitaka wanafunzi waijue historia ya sanaa ya dunia nzima na mbinu zake, Ulaya ikiwemo. Upande mmoja ukaogopa Mwafrika atapoteza jicho lake. Upande wa pili ukauliza kwa nini Mwafrika ndiye peke yake anayeambiwa asijifunze.

Upande wa pili ulikuwa na hoja nzito, siukatai. Ila waliomwita Ntiro mchoraji asiyejua hawakutazama jinsi anavyowapanga watu. Hakuna shujaa katika picha zake. Hakuna anayekugeukia akuonyeshe sura. Kila mtu ameinamia kazi yake, na jicho lako linapita kutoka mtu hadi mtu mpaka umeuona msafara wote. Mtu asiyejua kuchora hapangi hivyo kwa bahati mbaya, picha baada ya picha, kwa miaka arobaini.

Watoto wa Argyll waliletewa

Hata hivyo, sehemu ya habari ya Ntiro inayomgusa mtoto wa Masakta haiko New York. Iko Argyll, magharibi mwa Uskoti, nchi ya vilima, kondoo, wavuvi, na shule ndogo zilizotawanyika mpaka visiwani.

Mnamo mwaka 1960 Naomi Mitchison, mwandishi wa riwaya aliyekuwa akishiriki katika uongozi wa eneo hilo, alishirikiana na idara ya elimu kuanzisha mkusanyo wa kazi za sanaa. Hoja yao haikuwa ngumu. Mtoto wa kijijini hana nauli ya kwenda kwenye jumba la sanaa mjini, basi apelekewe picha shuleni. Na iwe picha yenyewe, iliyoguswa na brashi ya mchoraji, isiwe karatasi ya kuchapwa.

Mitchison alikuwa mtu wa safari. Alikuwa na uhusiano wa muda mrefu na Afrika, hasa Botswana, ambako Wabakgatla walimchukua kama mtu wao. Kwa hiyo katika kununua hakuishia kwa Waskoti wenzake. Alinunua kazi za Waafrika pia: Jak Katarikawe wa Uganda, Henry Tayali wa Zambia, na Sam Ntiro wa Tanzania.

Fikiria maana yake. Halmashauri yenye shule zilizo mbali, walimu wachache na bajeti ya kubanabana iliona picha ya Mtanzania ni sehemu ya vifaa vya elimu. Mtoto wa mfuga kondoo, asubuhi ya baridi kali, aliweza kuinua macho kutoka kwenye daftari la hesabu akakutana na kazi ya mtu wa Machame.

Baadaye picha hizo zilisahaulika, kama mali nyingi za umma zinavyosahaulika, hadi watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews walipozifuatilia. Mwaka 2021 zikaonyeshwa hadharani katika mji wa Dunoon, huko huko Argyll.

> Halmashauri ya Uskoti ilinunua picha ya Mtanzania kwa ajili ya watoto wa shule zake.

Afrika Mashariki nako kuna aliyejaribu kuileta picha kwa mwenye nayo. Elimo Njau, mtu wa Marangu aliyezaliwa mwaka 1932 na kupita Makerere hiyo hiyo, alichora mwaka 1959 ukutani mwa kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya. Yesu anazaliwa, anabatizwa, anakula karamu ya mwisho, anasali bustanini, anasulubiwa. Na yote yanatokea katika vilima vya Wakikuyu, kati ya nyumba zao na nyuso zao. Muumini wa Murang'a hakuhitaji kiingilio wala mwongozaji. Alikwenda ibada, akaiona nchi yake.

Katika miaka ya 1960 Njau alifungua nyumba ya sanaa kwao Kilimanjaro, katikati ya migomba na kahawa, akaiita Kibo Art Gallery. Mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi, iliyoungua mwaka 1997 na kuinuka tena. Ile ya Nairobi ndiyo inayotajwa na wengi hadi leo. Ya kijijini huisikii sana.

Rangi ya kung'aa

Ukimuuliza Mtanzania wa kawaida kuhusu uchoraji, hatakutajia Ntiro. Atakutajia Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za bomba. Alichukua ubao wa dari, akaukata mraba, akatumia rangi za kung'aa zilizouzwa dukani kwa kupakia vyombo na baiskeli. Rangi hizo hukauka ngumu na hazichanganyiki kirahisi ubaoni, ndiyo maana nyekundu yake ni nyekundu kweli na buluu yake haina aibu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa, ikiwa ni miaka minne tu tangu ashike brashi.

Ndugu na wanafunzi wake waliendelea. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Wanyama wa mwanzo wakaongezewa vijiji: akina mama wanatwanga, duka, zahanati, mtu juu ya mnazi, Kilimanjaro kwa mbali. Leo picha za namna hiyo zimepangwa kando ya barabara Mto wa Mbu, zinamsubiri mtalii anayekwenda Ngorongoro.

Hapo ndipo mchoraji wa Hanang anapokwama. Njia ya watalii inapita Mto wa Mbu na Karatu, kisha inakunja kwenda kreta. Haiteremki huku. Anayetaka kuuza inambidi apeleke kazi yake huko, na huko ina sura zake: mgunga mmoja, machweo ya rangi ya chungwa, Wamasai wembamba wamesimama mstari, twiga. Mtalii anataka akumbuke alichokiona, na Mlima Hanang hakuuona. Tembe lenye majani juu ya paa halimwambii kitu.

Kwa hiyo kijana mwenye kipaji, aliyekulia chini ya mlima huu, hujifunza kuchora Kilimanjaro asiyowahi kuikaribia. Tusimcheke. Wapo wasomi wa sanaa wanaoziita kazi za Mto wa Mbu bidhaa tu, nakala ya nakala, na wanayo sababu. Lakini soko hilo limesomesha watoto na kujenga nyumba bila ruzuku ya mtu, na limerithisha ufundi kutoka kaka hadi mdogo mtu kwa zaidi ya miaka hamsini.

> Ntiro alichora alichotaka kwa sababu ugali wake ulitoka kwingine.

Ntiro alikuwa mhadhiri, balozi na ofisa wa serikali. Picha isiponunuliwa, mshahara ulikuwepo. Kumtaka kijana asiye na mshahara achore kama Ntiro ni kumtaka afunge saumu kwa niaba yetu.

Njano ya ngano

Upo ubishi mwingine, nao hauhusu bei. Unahusu kama mandhari ya Hanang yanaweza kuchorwa kwa uzuri wake tu.

Chukua rangi ya njano. Upande wa Basotu, msimu wa mavuno, ngano inameremeta mpaka upeo wa macho. Mchoraji yeyote angeipenda. Lakini mashamba hayo yana historia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lililima ngano hapo kwa mashine katika mashamba saba makubwa, yaliyofika karibu ekari 100,000 kwa jumla. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tena malisho mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua, kwa sehemu kubwa, upande wa shirika. Kati ya vitu vilivyowauma wafugaji ni makaburi: wazee wao wenye heshima huzikwa chini ya vichuguu vya udongo vinavyojengwa na kutunzwa, na trekta halikuwa na habari hizo. Baadaye shirika lilikufa, baadhi ya mashamba yakapewa wawekezaji na mengine yakarudi kwa wananchi.

Basi mchoraji afanye nini na njano ile? Akiichora ilivyo, Mzungu ataona shamba zuri, na mzee wa Kibarbaig ataona kichuguu ambacho hakipo. Wako wanaosema sanaa ya mandhari ni uongo wa heshima: inakuonyesha nchi na kukuficha nani aliondolewa. Lawama hiyo aliipata hata Ntiro, kwamba vijiji vyake havina njaa wala ugomvi.

Nadhani wanakosea kidogo. Picha haiwezi kusema yote, na wala hati ya mahakama haiwezi. Lakini picha iliyotundikwa mbele ya watu wanaoijua ardhi haiwezi kudanganya kwa muda mrefu, maana watazamaji watasema. Picha ya Basotu ikiwa sebuleni Toronto haina wa kuibishia. Ikiwa ofisi ya kijiji Mulbadaw, itabishiwa kila siku ya mkutano.

Mlima wenyewe umeshatuonyesha kwamba si pambo. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia za mito mpaka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Tangu siku hiyo, mtu wa huku akiutazama mlima wakati wa mvua hautazami kwa jicho lile la zamani, na mchoraji atakayeupaka buluu laini atakuwa na maswali ya kujibu.

Jumba lisilo na mlango

Kuna jumba la sanaa karibu na Hanang kuliko Dar es Salaam au Nairobi, na halina mlango. Ukitoka Babati kuelekea Kondoa unafika Kolo, penye miamba iliyochorwa. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro hiyo kwa mkono, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Tangu mwaka 2006 michoro ya Kondoa imo katika Urithi wa Dunia: vibanda vya miamba zaidi ya 150 katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,300.

Nyekundu ya Kolo ilitoka ardhini, katika mawe yenye chuma yaliyosagwa. Nyeupe ilikuja baadaye, kwa mikono mingine. Kuna pofu, twiga, watu warefu wenye vichwa vya ajabu. Hakuna rangi iliyoagizwa, na hakuna aliyechora akimngojea mgeni anunue. Baadhi ya miamba hiyo bado inatumika kwa matambiko ya mvua na uganga. Yaani picha ziko kazini.

Nayataja ya Kolo kwa sababu hoja ya kwamba watu wa vijijini hawana desturi ya kutazama picha huwa inatolewa kwa urahisi mno. Watu wa ukanda huu wamekuwa wakipaka rangi, wakishona ushanga kwenye ngozi na kukandika kuta kwa udongo wa aina aina tangu zamani. Mtu anayenunua karatasi ya Uswisi kwa pesa zake za alizeti ameshatuambia anataka picha ndani ya nyumba. Ameletewa hiyo, akanunua hiyo.

Madawati kwanza?

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya kupeleka picha shuleni ni la bajeti. Shule haina madawati ya kutosha, matundu ya vyoo ni machache, nyumba za walimu hazitoshi. Nani atathubutu kusimama kwenye kikao aombe fedha ya picha? Ni swali la haki, na mjumbe anayeliuliza si adui wa sanaa.

Lakini tazama kuta za shule zetu. Tayari zimechorwa. Kuna ramani ya Tanzania ukuta wa nje, mfumo wa chakula wa binadamu, bendera, herufi. Madarasa ya mfano ya elimu ya awali, yaliyojengwa sehemu nyingi nchini kupitia mradi wa BOOST ulioanza mwaka 2022, yamepambwa kwa rangi ndani na nje ili darasa liongee na mtoto. Fundi alilipwa, rangi ilinunuliwa, ngazi ilisimamishwa. Mara nyingi kilichochorwa ni vibonzo vya katuni za ng'ambo, tembo anayecheka na tufaha.

Brashi ile ile, kopo lile lile, na saa zile zile zingeweza kumchora punda mwenye madumu. Mbaazi ingefundisha herufi M vizuri tu. Gharama haiongezeki hata senti. Kinachohitajika ni mtu wa kumwambia fundi achore nini, na mtaala ulioboreshwa mwaka 2023, uliozipa sanaa na michezo nafasi katika shule ya msingi, unampa mwalimu mkuu kisingizio kizuri.

Wengine husema dawa ni mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijana mchoraji anaweza kujaribu. Atakutana kwanza na sharti la kikundi, ilhali kazi yake ni ya mtu mmoja na ukimya wake. Halafu atakutana na marejesho. Mkopo unarudishwa kwa pesa, na picha ya Mlima Hanang isiyo na mnunuzi hairudishi kitu.

Anachohitaji ni oda. Seremala wa Masakta hajengi kiwanda cha viti kisha akae kusubiri. Anapokea oda ya shule, anapewa kianzio, ananunua mbao. Argyll hawakumkopesha Ntiro. Walinunua. Njau naye alipewa ukuta wa kanisa, akaambiwa aujaze.

Makanisa ya huku, ya Kikatoliki na ya Kilutheri, yana kuta ndefu na waumini wengi. Zahanati zina vyumba vya kusubiria ambako mtu hukaa saa nzima akitazama bango la chanjo. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele hupangwa vijijini miezi mingi kabla ya hapo, kwenye mikutano ambayo mara nyingi haijai.

Siku kamati ya shule mojawapo itakapoketi kuamua ukuta uchorwe nini, sidhani kama ugomvi utakuwa bei ya rangi. Utakuwa kama mlima uonekane na mahali palipoporomoka au bila, kama shamba la ngano liwe na vichuguu vya makaburi au lisiwe, kama ng'ombe wawe wa Mbarbaig au wa Mwiraqw, na kama mama anayeteka maji achorwe wakati bomba limeshafika. Ningependa nikae viti vya nyuma kabisa, nisikilize mkutano huo mpaka ufungwe.